Kigoda cha Babu si cha Mtalii

Kuna imani iliyoota mizizi hapa Nakuru, na huku Milimani ndiko ilikostawi zaidi: kwamba vitu vya kale vya Kiafrika havina nafasi katika sebule ya mtu aliyefanikiwa. Kigoda ni cha kijijini. Kinyago ni cha mtalii. Kibuyu kilichoshonewa kauri ni cha mganga. Mtu akihamia mtaa huu huweka dari ya jipsamu, akapanga makochi mapya yaliyoagizwa Uturuki, na alichoachiwa na nyanyake kikabaki stoo kijijini kikiliwa na mchwa. Hayo tunayaita maendeleo. Mimi nayaona kuwa hasara, tena hasara tunayoigharamia wenyewe.

Wanaodai kwamba kupenda vitu vya kale ni tabia ya Wazungu hawamjui Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka wa 1911 Eldama Ravine, papa hapa jirani, baba yake mfanyabiashara Mgoa na mama yake Mmaasai. Akasomea India, akafanya kazi Somalia, akaishi London miaka ya hamsini akipigania uhuru wetu, na huko akaendelea kununua vitabu na sanaa za Afrika, vile ambavyo wengi wetu tulikuwa tunafundishwa kuvionea haya. Mwaka wa 1966 alikuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Kenya, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu. Wengi humkumbuka kwa hilo tu. Mimi namkumbuka zaidi kwa nyumba yake ya Muthaiga, ambamo aliishi na mkewe Sheila katikati ya nguo, vito, vinyago na maelfu ya vitabu kutoka kila pembe ya bara hili. Mtu aliyekaribishwa na viongozi wa dunia hakuona aibu kumkaribisha mgeni kwenye sebule ya Kiafrika.

Mwaka wa 1972 yeye na Sheila walishirikiana na Alan Donovan, Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi ya misaada Nigeria wakati wa vita vya Biafra kabla ya kuja huku na kuvutiwa na ufundi wa Waturkana. Wakaanzisha duka la African Heritage jijini Nairobi. Donovan alikuwa mfanyabiashara, hilo halifichwi, lakini alichouza ndicho alichoishi nacho. Nyumba yake ya Mlolongo, inayotazama mbuga ya Nairobi, imejengwa kwa kuiga kuta za udongo za Afrika Magharibi na mitindo ya pwani yetu ya Waswahili. Ndani mna vitambaa vya Wakuba wa Kongo, vinyago, mikufu na vyungu, vimejaa ukutani na mezani. Aliishi humo, akala humo, akalala humo hadi alipofariki Desemba 2021. Mtindo wake ulikuwa kuchanganya vitu vya huku na vya kwingine Afrika bila woga.

Najua nitajibiwa kwamba wateja wa duka lile walikuwa watalii. Wengi walikuwa watalii kweli. Na kwa nini? Kwa sababu sisi hatukuingia. Na hata tulichoachiwa hatukukitunza. Murumbi alikataa ofa za ng'ambo, akaiuzia serikali yetu mkusanyiko wake kwa masharti nafuu ili ubaki Kenya. Nyumba ya Muthaiga ilikusudiwa iwe kituo cha masomo ya Afrika. Ikaachwa ikaoza, kisha ikabomolewa. Haikubomolewa na Mzungu. Vingi vya vilivyonusurika leo viko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, na wapita njia wengi hawajui kwamba mlango uko wazi. Wakati huohuo tunalipa kiingilio Njoro kupiga picha za arusi katika kasri ambalo Lord Egerton alilijenga kati ya 1938 na 1954 akiliiga la Uingereza. Zamani tunaipenda, basi, mradi iwe ya mtu mwingine.

Kuna pingamizi la kidini, na hilo nalichukua kwa uzito. Vipo vitu visivyostahili kuwa pambo. Kigango cha Wamijikenda ni ukumbusho wa marehemu, na mahali pake ni pale kiliposimikwa. Ndiyo maana ilikuwa haki Makumbusho ya Denver yaliporudisha vigango 30 mwaka wa 2019. Lakini kutoka hapo hadi kuogopa kigoda cha miguu mitatu ni mbali sana.

Tazama sotet, kibuyu cha maziwa ya mursik, cha nyumba yoyote ya Wakalenjin iliyokitunza. Kifuniko chake ni cha ngozi, ukanda umepambwa kwa kauri na shanga, na ukikifungua hukutana na harufu ya moshi wa mmea wa senetwet uliochomwa kukisafisha. Mara nyingine utaona ufa ubavuni, umeshonwa kwa uzi mwembamba, tundu kwa tundu, kwa mkono ulioona kwamba kibuyu hicho hakistahili kutupwa. Nionyeshe chombo cha plastiki kilichowahi kupendwa hivyo. Na kibuyu hicho kina nini cha kumtia mtu aibu mbele ya wageni?

Watu wanaozunguka vijijini kununua vitu hivi hawana haya kama sisi. Humkuta mjukuu anayetaka stoo iwe tupu, wakatoa noti chache, na kigoda kikaanza safari ya Nairobi, kisha Ulaya. Huko huandikwa kwamba mchongaji hajulikani. Lakini alijulikana! Wazee wengi wa Ravine, Molo na Njoro bado wanakumbuka nani alichonga kigoda cha boma lao, kwa mti gani, na kwa sherehe ipi. Waulize ukienda mashambani mwisho wa wiki hii, uliandike jina hilo chini ya kigoda kwa wino usiofutika, halafu ukilete Milimani ukikalie.