TUWAVUMILIE WANAOJIFUNZA



Vijana wa Garsen wanaokuja kuandikwa kazi ya njia, wengi wao hawajapata kukanyaga reli. Si ajabu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na hata leo haijafika Garsen. Kijana wa Kipokomo amekulia mtumbwini na katika shamba la mpunga; wa Kiorma amekulia nyuma ya ng'ombe, na pengine Kiswahili chenyewe bado chamtaabisha. Akiambiwa alete spana akaleta nyundo, watu hucheka mpaka saa ya chakula.

Kicheko hicho twakipinga, wala si kwa ajili ya adabu tu. Chuma hupanuka kwa joto. Ndiyo sababu katika reli ya zamani huachwa nafasi ndogo kwenye maungio. Mgeni akiuliza nafasi ile ni ya nini, akachekwa, kesho hatauliza. Ataiziba akidhani afanya kazi safi, na siku ya jua kali reli itapinda. Hapo atakayeumia huenda akawa dereva, ndugu yetu, ambaye hata hakuwapo siku ya kicheko.

Wako wasemao, "Sisi tulifunzwa kwa matusi na tumejua." Kweli tumejua. Lakini waliotoroka wiki ya kwanza ni wangapi? Hao hatuwahesabu kwa kuwa hawapo.

Tena mjinga ni nani? Mpeni fundi wetu hodari upondo, avuke Mto Tana kwa mtumbwi wakati wa mafuriko, mamba wakimtazama! Atazunguka kama pia mpaka mwenyeji amwonyeshe. Huko Ngao, karibu na Garsen, wamisionari wa Kijerumani walifika mwaka 1887. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, aliandika sarufi ya Kipokomo katika miaka ya 1890. Bwana huyo hakuja na Kipokomo toka kwao Ulaya. Wako wakulima waliomrudia neno lile lile mpaka ulimi wake ukalishika.

Basi twataka kila mgeni apewe mzee mmoja wa kumwangalia mwezi mzima, na mnyapara asimlaumu mzee huyo kwa kuchelewesha kazi. Akihesabu kazi ya siku, mwanafunzi amhesabu kuwa mwanafunzi. Shauri hili tutalipeleka katika mkutano wa tawi. Vijana wa Garsen nao waje waseme. Atakayeshindwa na Kiswahili atatafsiriwa.