FUNDI WETU: Shuka na ile ya zamani

Juzi mama mmoja alishuka kutoka Kinole mpaka kibandani kwangu hapa Mwembesongo. Yeye ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Ndani ya kikapu, juu ya ndizi, alikuwa na kisanduku cha chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kompyuta ya kikundi haiwaki. Nimenunua pawasaplai mpya dukani, lakini plagi haiingii. Madeni ya watu wote yamo mle!"

"Ya zamani iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, pamoja na kompyuta."

Hapo ndipo nauli inapopotea.

Pawasaplai hukaa ndani ya kompyuta ya mezani. Umeme wa ukutani una volti 230. Pawasaplai huupunguza uwe volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kisha nyaya huupeleka kila sehemu, na kila fungu la nyaya lina plagi yake.

Plagi kubwa huingia kwenye mazabodi, yaani bodi kuu. Katika kompyuta nyingi ina matundu 24. Nyingi za kabla ya mwaka 2003 zilikuwa na matundu 20. Lakini kompyuta za kampuni kubwa, ambazo mara nyingi ndizo tunazopata za mtumba, zina mambo yake. Baadhi ya HP zina matundu 6. Baadhi ya Lenovo zina 14. Kompyuta ya mama ni HP ya matundu 6, naye aliuziwa plagi ya 24.

Plagi ya pili ina matundu 4 au 8. Hii hulisha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Ukiisahau, feni huzunguka lakini kioo hubaki cheusi. Angalia sana: kuna plagi nyingine ya matundu 8, ya kadi ya picha. Kwa macho zinafanana, lakini nyaya zake zimepangwa kinyume. Plagi ikikataa kuingia, usiilazimishe. Utaunguza bodi.

Hesabu pia plagi za diski. Za sasa ni nyembamba na bapa. Za zamani zina matundu 4 makubwa.

Soma wati kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Mpya isiwe na wati pungufu kuliko ya zamani. Ikiwa nyuma kuna swichi ya 115 na 230, iwe kwenye 230. Ukiiacha kwenye 115 italipuka. Na kisanduku chenyewe usikifungue, hata kama umechomoa waya ukutani. Umeme hubaki ndani.

Jumamosi mama alirudi na kompyuta nzima ndani ya gunia. Tulipata pawasaplai ya mtumba ya HP, plagi zote sawa. Kompyuta ikawaka. Alisoma majina mpaka la mwisho, ndipo akakubali kunywa chai.

Ile mpya duka lilikataa kuirudisha. Bado iko kibandani kwangu, inatafuta mnunuzi.