Kitengela haina haja ya hosta

Anayetoka Athi River kuelekea Kajiado kwa barabara ya Namanga hawezi kuikosa biashara ya miche. Kando ya lami, katikati ya wauza matangi ya maji na mafundi wa mageti, wamejipanga watu wa vitalu na vifuko vyao vyeusi: kayaba ya ua, bugenvilia, mitende ya mapambo, miparachichi ya kupandikizwa, nyasi za kutandaza zinazouzwa kwa gunia. Wateja wao wengi walinunua ploti ya hamsini kwa mia, wamemaliza kujenga au wamebakiza rangi tu, na sasa wanataka kijani. Mteja wa leo haji mikono mitupu. Huja na simu, na ndani ya simu ana picha za bustani alizozipenda. Katika picha hizo hujitokeza mara kwa mara, chini ya mti wenye kivuli kizito, mmea wa majani mapana yenye mifereji, mengine ya rangi ya samawati iliyofifia, mengine ya kijani yenye kingo nyeupe. Mmea huo ni hosta.

Muuzaji mwaminifu atamwambia mteja huyo kwamba hapa hautafaa. Asiye mwaminifu atamuuzia kitu kinachofanana nao.

Hosta asili yake ni Japani, Korea na China, kwenye misitu yenye unyevu na kingo za vijito. Mwaka 1812 mwanabotania Leopold Trattinnick aliupa jina la Mwaustria mwenzake, tabibu Nicholas Thomas Host. Aliyeutia Ulaya tamaa ya mmea huu hasa ni Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani aliyewatumikia Waholanzi mjini Nagasaki, akafukuzwa Japani, na mwaka 1830 akafika Uholanzi na mkusanyiko wa mimea hai, hosta zikiwemo. Kutoka hapo umeenea hadi ukawa mmea wa kila nyumba kaskazini mwa Marekani, ambako wapenzi wake waliunda chama chao mwaka 1968. Aina zilizozalishwa ni maelfu. Sifa zake hazina ubishi: unastawi kivulini pasipokubali mmea mwingine, unaishi miongo, na ukiuchoka unaupasua kwa sepetu na kumgawia jirani.

Kinachouangusha Kitengela ni kalenda. Hosta huamka majira ya kuchipua, hukua kiangazi, hunyauka vuli ya kizungu inapoingia, kisha hulala. Na kulala kwenyewe ni lazima kuwe kwa baridi ya kweli, wiki kadhaa mfululizo za joto linalokaribia sifuri, ndipo macho yaliyo chini ya udongo yapate ishara ya kuchipua upya. Ukiunyima baridi hiyo, mwaka wa kwanza utatoa majani ya kuridhisha kwa akiba uliyokuja nayo. Wa pili yatakuwa madogo. Baada ya hapo mwenye bustani anamwagilia udongo mtupu.

Kitengela ipo kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi. Julai, wakati watu wanatembea na makoti, usiku hushuka hadi nyuzi kumi au zaidi kidogo, na saa sita mchana jua limesharudi. Hata Limuru na Kinangop, ambako sakitu huchoma mimea ya mkulima, baridi hiyo ni ya usiku mmoja mmoja. Asubuhi ikipanda, imekwisha. Huko Florida, kwenye tatizo kama hili, wapo wanaong'oa mizizi na kuiweka kwenye friji ili kuidanganya. Mtu wa Kitengela anayefikiria mbinu hiyo akumbuke kwanza stima hupotea mara ngapi kwa mwezi.

Halafu kuna udongo. Sehemu kubwa ya tambarare za Athi na Kapiti ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasua kuta za nyumba zenye msingi wa haraka. Mvua ikinyesha hunata kwenye gambuti hadi mtu anatembea akiwa mrefu kuliko alivyozaliwa. Jua likiwaka hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mizizi ya hosta haiendi kina kirefu. Inataka udongo mwepesi, wenye mboji, usiokauka na usiotuama maji. Mfinyanzi huu hutuama Aprili na kukatika Septemba, na ukikatika hukata na mizizi iliyomo.

Maji ndiyo hesabu kali zaidi. Wakulima wa hosta huipa kama sentimita mbili na nusu za maji kwa wiki. Kitanda kidogo cha maua cha mita kumi za mraba kitahitaji basi lita 250, yaani mitungi kumi na miwili na nusu ya lita 20, kila wiki, kwa majani ya kutazama tu. Katika mji ambao familia nyingi hununua maji ya lori au ya kisima, na ambao sensa ya 2019 iliukuta na watu zaidi ya 150,000, huo ni ubadhirifu usio na utetezi. Isitoshe, maji mengi ya visima vya ukanda huu yana chumvi na floraidi, madini yaleyale yanayowaachia watoto meno ya kahawia.

Bado wapo wenye ndugu Marekani watakaosema, basi tuletewe mizizi michache kwenye sanduku tujaribu. Hapana. Kuingiza mmea nchini kunahitaji kibali cha KEPHIS kabla haujasafirishwa, na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka. Si urasimu wa bure. Kuna kirusi cha hosta kiitwacho X, kilichotambuliwa Minnesota mwaka 1996, ambacho mmea unaweza kukibeba kwa muda mrefu ukionekana mzima kabisa. Kaunti ambayo mashamba ya maua ya Isinya na Kitengela yanaajiri watu na kuuza nje haiwezi kuchezea magonjwa ya mimea kwa sababu ya sanduku la shangazi.

Shangazi huyo, hata hivyo, na apande hosta zake kwa raha. Kwa Wakenya waliojenga maisha Minnesota, huu ni mmea wao. Wauweke ardhini theluji ikishayeyuka au mwanzoni mwa msimu wa kupukutika majani, katika shimo pana kuliko kina chake, kichwa cha mizizi kikiwa sawa na uso wa udongo, upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi pekee. Watandaze majani makavu juu, ingawa si mengi mno, kwa sababu koa hujificha humo mchana na usiku hutoboa majani yakawa chujio. Swala wa huko nao huupenda kupita kiasi. Wajapani wenyewe hula machipukizi yake machanga kama mboga. Ila mbwa na paka wasiuguse. Una sumu kwao.

Mteja wa barabara ya Namanga anarudi vipi nyumbani, basi? Hapa ndipo jambo linapopendeza, maana ndugu wa hosta tayari wako Kajiado, na walikuwako kabla ya ploti.

Wanabotania huiweka hosta katika ukoo mmoja na asparaga, mkonge na mimea ya sanseviera. Undugu wake na mkonge ni wa karibu hasa: kromosomu za yote miwili zina mpangilio uleule wa chache kubwa na nyingi ndogo. Mkonge wenyewe ni mgeni aliyekubalika, kwa kuwa Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, na miche michache iliyonusurika safari ikazaa mashamba yaliyoenea Tanga, Taita na Thika. Lakini mkonge mwitu, ile sanseviera ya majani magumu yanayosimama kama feni iliyofunguliwa, ni mwenyeji. Wamaasai huuita oldupai, na ndio ulioipa jina lile bonde la Ngorongoro linalojulikana dunia nzima kwa visukuku. Nyuzi zake husokotwa kamba. Unaota kwenye vichaka vikavu vya upande wa Magadi bila mtu wa kuumwagilia, na chini ya mgunga, kwenye kivuli kile kile ambacho mwenye picha ya hosta anatafuta cha kupanda, haulalamiki.

Mwenye kutaka ua badala ya jani aitafute Scadoxus. Kwa miezi ya ukame haionekani. Kiazi kimelala chini. Mvua za Machi zikigonga ardhi, hutokeza shina moja nene lenye madoadoa, na juu yake hufunguka tufe jekundu lililoundwa na vijiua vingi vyembamba, kila kimoja na vidole vyake vyenye ncha za njano. Likikaribia kufifia ndipo majani mapana laini yanatanda, na kwa mbali asiyejua atadhani ni hosta. Kiangazi kikirudi, kila kitu hukauka na kutoweka. Wenye bustani wageni hung'oa kiazi wakati huo wakidhani kimekufa. Ni usingizi uleule wa hosta. Huku unaletwa na ukame, na ukame Kajiado haujawahi kuadimika.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili: mmea kuwa wa Afrika au wa ukoo huu hakuufanyi uvumilie kila kitu. Drasena za majani marefu na yale majani ya buibui yanayoninginia kwenye vyungu vya barazani huungua ncha yakinyweshwa maji ya floraidi. Anayeona ncha za kahawia asikimbilie dawa, abadilishe maji. Paa la mabati la mita mia moja za mraba likipata mvua ya milimita kumi hukusanya karibu lita elfu moja, na tangi lililo chini yake litaitunza baraza nzima kwa wiki nyingi.

Wala hoja hapa si kufukuza wageni. Bugenvilia ilitoka Brazili, jakaranda Amerika Kusini, kayaba kusini mwa Afrika, na zote zimeshika mizizi kwa sababu hazidai zaidi ya kilichopo. Kuna wageni wabaya zaidi kuliko hosta. Lantana ililetwa kwa ajili ya maua yake na kuwa ua, leo imesonga malisho sehemu nyingi za nchi. Hosta angalau ina adabu, kwani ikikosa inachotaka hufa kimya bila kumsumbua jirani. Ubaya wake ni kumfundisha mwenye bustani kwamba ardhi ya Kajiado ina kasoro, kwamba lazima ichimbwe, ibebwe na malori, ijazwe udongo mwekundu wa kununua, na kilichobaki kimwagiwe kabro.

Kabro ndiyo mwisho wa safari hiyo katika ploti nyingi. Bustani ya picha ikishakufa mara mbili, mwenye nyumba hukata tamaa na kuweka matofali kutoka geti hadi jikoni. Maji ya mvua hayana pa kuingia, yanakwenda kwa jirani wa chini. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyofika hadi Kitengela, yalikuwa na sababu kubwa kuliko vipande vya watu vya robo na nusu ya robo ekari, lakini kila ua uliosakafiwa wote unaongeza kiasi chake.

Bustani inayoiheshimu tambarare hii haina siri. Mti mmoja wa kivuli unaoumudu mfinyanzi, na mgunga ni wa kwanza kwenye orodha. Chini yake sanseviera za urefu mbalimbali, Scadoxus zilizozikwa katikati yao zitokeze zenyewe mvua zikija, asparaga pori itambae kwenye ukuta. Mahali pa jua, mishubiri, ile ya maua ya chungwa ambayo ndege chozi huigombania saa za asubuhi. Samadi ya ng'ombe ipo tele. Ichanganywe na mchanga na majani makavu ili kuufungua udongo, na kitanda kiinuliwe kidogo kisituame. Vikishashika, mtungi mmoja mmoja wakati wa kiangazi unatosha, na mara nyingi hata huo hauhitajiki.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mishubiri ya porini haichimbwi. Amri ya rais ya mwaka 1986 ilipiga marufuku uvunaji wake, na biashara ya kimataifa ya aina zote za mwitu inadhibitiwa kwa mkataba wa CITES. Anayejaza gari mimea kutoka Olorgesailie ili kupamba ua Kitengela anapora malisho ya watu na kuvunja sheria kwa pamoja. Na hakuna sababu ya kufanya hivyo, maana sanseviera huzaa kwa kipande cha jani kilichochomekwa kwenye mchanga, na mshubiri hutoa vichipukizi pembeni. Mwenye kitalu anaweza kuanza na mimea michache halali na baada ya misimu miwili akajaza meza nzima.

Hiyo ndiyo kazi wanayopaswa kuianza wauza miche wa barabara ya Namanga, na serikali ya kaunti iwe mteja wao wa kwanza: ipande mimea hii mbele ya ofisi zake mjini Kajiado na kwenye mizunguko ya barabara Kitengela, ambako nyasi za kumwagiliwa hukauka kila Septemba. Na wewe mwenye ploti, mvua za vuli hazijafika. Ukipita kwenye kitalu, funga simu, uulize ni mche gani pale ulioishi tangu Juni bila kunyweshwa, na ununue huo.