Hesabu za ubaoni zikutane na mizani ya sokoni

Ukisimama siku ya soko pale Tukuyu, kando ya akina mama wanaouza ndizi, utaona jambo linalofikirisha. Mtoto wa darasa la tano anayemsaidia mama yake anauza vichane vitatu vya ndizi, kila kimoja shilingi 1,500. Anapokea noti ya shilingi 10,000 na papo hapo anarudisha chenji ya shilingi 5,500. Hana kalamu wala karatasi, na hakosei.

Mtoto huyo huyo nilimwandikia hesabu hiyo kwenye daftari, kwa alama za kutoa, kuzidisha na mabano. Alikuna kichwa, akaanza kutoa tatu kwenye kumi elfu, akakwama. Mama yake alicheka, akaniambia, "Mwalimu, huyo ukimpa hela anajua, ukimpa daftari hajui." Mimi sikucheka.

Ndugu msomaji, ubishi kuhusu namna ya kufundisha Hisabati si mpya nchini mwetu. Upande mmoja wapo wazee wanaosema kwamba zamani tulikariri tebo mpaka ya kumi na mbili, asiyejua alichapwa, na ndiyo maana hatukuhitaji kikokotoo. Upande wa pili wapo wataalamu wanaosema kukariri bila kuelewa ni kasuku, kwa hiyo mtoto ajifunze kwa vitendo, kwa vikundi na kwa kugundua mwenyewe.

Tumewahi kuvutana hivi hivi huko nyuma. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya kile kilichoitwa hisabati mpya. Watoto wakaanza kufundishwa mambo ya seti. Nia ilikuwa njema, yaani mwanafunzi aelewe mantiki ya namba badala ya kukariri. Lakini walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha, na wazazi hawakuona seti zinasaidia nini dukani. Huko Kenya, mwaka 1981 Rais Daniel arap Moi aliamuru hisabati hiyo iondolewe shuleni.

Hapa kwetu, mwaka 2005 mtaala wa sekondari ulibadilishwa ili uzingatie ujuzi wa mwanafunzi badala ya maelezo ya mwalimu. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa darasa la kwanza na la pili. Mtaala mwingine ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024. Pamoja na mabadiliko yote hayo, katika mitihani ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni, takribani robo tu ya watahiniwa au pungufu ndio waliofaulu Hisabati.

Mkulima anaweza kusema hayo ni mambo ya walimu na Wizara. Hapana, yanagusa mfuko wake moja kwa moja.

Chukua mkulima wa viazi kule Isongole. Tuseme gunia la kilo 100 linanunuliwa shilingi 60,000, yaani shilingi 600 kwa kilo. Mnunuzi anakuja na lumbesa, anashonea kichwa juu ya gunia, linafika kilo 130, bei inabaki ile ile. Mkulima anafurahi kwa kuwa ameuza gunia kwa bei ya gunia. Ukweli ni kwamba ameuza kilo moja kwa shilingi 461 hivi, na ametoa bure viazi vya shilingi 18,000. Kwa magunia 20 amepoteza shilingi 360,000. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, lakini mwenye kujua kugawanya hahitaji kumsubiri ofisa wa vipimo ndipo atambue kwamba anaibiwa.

Au chukua mwenye genge anayekopa shilingi 500,000 mtaani kwa riba ya asilimia kumi kwa mwezi. Anasikia "kumi" anaona ni ndogo. Akikaa nao miezi sita bila kupunguza deni, riba peke yake ni shilingi 300,000. Mkulima wa chai naye anapaswa kuweza kujumlisha kilo za majani mabichi kwenye stakabadhi zake na kulinganisha na malipo ya mwezi. Wa parachichi anapaswa kujua kwamba katika kilo 400 alizochuma, zikikataliwa kilo 60 amepoteza asilimia 15 ya mzigo.

Sasa, katika mifano hiyo, ni upande upi ulio sahihi? Naomba nieleweke, kila upande una nusu ya ukweli. Asiyejua tebo kwa kichwa hawezi kupiga hesabu ya lumbesa gari likiwa linaunguruma na mnunuzi anaharakisha. Lakini aliyekariri tebo bila kuelewa maana ya kugawanya hatajua kwamba swali la kuuliza ni bei ya kilo na si bei ya gunia. Wa kwanza ana jembe lisilo na makali, wa pili ana makali yasiyo na mpini.

Watafiti watatu nchini Brazil waliligundua hilo mwaka 1985 katika mji wa Recife. Waliwapima watoto wachache wanaouza matunda mitaani. Katika maswali ya kwenye biashara yao, watoto walipata takribani 98 kati ya kila 100. Hesabu hizo hizo zilipoandikwa kwa namba tupu kama za shuleni, walipata takribani 37 tu. Hivyo mtoto wetu wa Tukuyu si mjinga, ila hajaonyeshwa kwamba hesabu ya sokoni na ya daftarini ni moja.

Ushauri wangu ni huu. Walimu wasione haya kuwakaririsha watoto tebo kila asubuhi, ila bila fimbo, na wakimaliza walete mizani, debe na stakabadhi darasani. Kamati za shule ziwaalike wauzaji wa ndizi na makarani wa chai waeleze wanavyopiga mahesabu. Wizara nayo isibadilishe vitabu kabla ya kuwaandaa walimu, maana ya Entebbe tuliyaona.

Na wewe mzazi, usisubiri mtaala mwingine. Siku ya kuuza mazao mwite mwanao, mwambie aandike kwenye daftari kilo, bei na jumla, kisha akueleze amepataje jibu. Akikosea, mkosee wote hapo nyumbani, kuliko kukosea mbele ya mnunuzi. Daftari hilo la shilingi mia chache linaweza kukuokolea magunia mengi.