GHALA LETU SI CHUMBA CHA KULALA



Mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi umekaribia, na kwenye ajenda limo suala la fedha za ushuru zilizobaki msimu uliopita. Wako wanaotaka inunuliwe pikipiki ya kuzungukia mashamba. Sisi wa Tawi tunasema pikipiki ingoje. Fedha hizo zijenge kwanza chumba cha dawa kando ya ghala, pamoja na kibanda cha mlinzi. Sababu tunazieleza hapa ubaoni ili kila mtu aje mkutanoni ameshafikiri, siyo kuja kupiga makofi tu.

Ingieni ghalani leo mkaone wenyewe. Kulia kuna magunia ya mahindi ya wanachama. Kushoto, msimu ukifunguliwa, kuna lundo la pamba hadi karibu na kenchi. Katikati, kwenye njia, kuna makatoni ya dawa za pamba, zile ekapaki tunazoletewa kupitia chama. Nyuma ya mlango kuna mabomba ya kunyunyizia ambayo hayakuoshwa, na madumu mawili ya petroli ya vijana. Na juu ya magunia, jamani, kuna mkeka na blanketi la mzee wetu mlinzi. Hapo ndipo anapolala.

Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Ghala hili wazazi wetu walilijenga baada ya hapo, matofali wakafyatua wenyewe, na walilijenga liwe la pamba tu. Mahindi kila mtu aliyaweka kwake kwenye kihenge, akachanganya majivu, basi. Halafu akaja dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, akaonekana kwa jirani zetu wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa jinsi alivyokuwa anasaga mahindi kuwa unga watu wakamwita Scania. Majivu hayakumweza. Tukaelekezwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga. Hapo ndipo dawa zilipoanza kukaa pamoja na chakula chetu, na mpaka leo zimekaa.

Hatusemi dawa ni mbaya. Bila dawa funza wa vitumba atatumalizia pamba, na dumuzi atatumalizia mahindi. Tunachosema ni kwamba dawa ni sumu, na sumu inatakiwa iwe na chumba chake, na ufunguo wake, na mtu mmoja anayejulikana wa kuushika.

Tuanze na vidonge vya kufukiza, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyotutisha kuliko vyote. Kidonge kile ukikitoa kwenye kopo, kikakutana na unyevu wa hewa, kinaanza kutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo ndiyo inayoua wadudu ndani ya gunia. Haichagui. Inaua panya, inaua kuku, inaua mtu. Wakati mwingine hunuka kama vitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usingoje harufu, maana mtu aliyelala hainusi. Na akishaivuta hakuna sindano ya kuiondoa mwilini. Sasa fikirini: mwanachama mmoja anafukiza magunia yake jioni bila kumwambia mtu, mlango unafungwa kwa komeo, na mzee amelala juu yake. Tutamkuta asubuhi katika hali gani? Tunayaandika haya kungali mapema.

Dawa za maji nazo zina mambo yake. Msimu uliopita, wakati wa kushusha mzigo, katoni moja ilipasuka na dawa ikamwagikia gunia la mahindi. Hatutaji mtu. Likasemwa neno kwamba lianikwe juani litakauka. Siku ya pili gunia halikuwepo tena pale juani. Ndugu zangu, jua halitoi sumu kwenye punje. Kama kungekuwa na chumba cha dawa, gunia lile lisingekuwa karibu na katoni ile hata kidogo.

Wengi wetu tulijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo, mikono imekomaa kwa jembe. Wazee wanakumbuka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, watu walivyokaa kwa vikundi kusikiliza redio na kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kusoma kulikuwa kwa ajili ya kazi. Basi tusome vibandiko vya dawa. Na asiyejua kusoma bado aangalie rangi ya utepe ulio chini ya kibandiko: mwekundu ni sumu kali sana, wa njano ni kali, wa bluu ni ya wastani, wa kijani ni ndogo kuliko hizo, lakini hata huo wa kijani si maji ya kunywa. Ndiyo maana hatukubali tabia ya kuhamishia dawa kwenye chupa za soda. Ukishaihamisha, kibandiko kimebaki kwenye chupa tupu, na mtoto anaona soda. Chupa iliyokwisha isioshwe ikatumika kuwekea mafuta ya taa au chumvi. Ioshwe mara tatu, maji yake yamwagwe kwenye bomba la kunyunyizia, halafu itobolewe isifae tena.

Na mtu akinywa kwa bahati mbaya, tusikae tunazungushiana maziwa. Maziwa siyo dawa ya sumu hiyo, na wala tusimtapishe kwa nguvu. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na chupa yenye kibandiko ichukuliwe, ili mganga ajue ni sumu gani.

Kuhusu pamba yenyewe tutasema machache. Moto wa pamba hauzimiki kwa ndoo moja. Unakaa ndani ya lundo saa nyingi, juu unaona kumetulia, usiku unalipuka. Kwa hiyo sigara, vibatari na petroli vitoke ghalani. Vijana mnaotoka Nyarugusu na Rwamagasa na madumu yenu ya mashine za karasha, ghala la chama siyo stoo yenu, na zebaki ndiyo kabisa isionekane humo. Halafu wapo wale wanaonyeshea pamba maji ili mzani upande. Tunawajua kwa tabia, hata kama si kwa majina. Pamba mbichi ikirundikwa hupata joto ndani yake, ikaoza, ikaharibu na ya jirani. Kwa hiyo anayemwagia maji anamwibia karani na pia anaharibu ghala la wote. Lumbesa ni hivyo hivyo: inampunja mkulima na kuvunja mgongo wa kijana anayebeba.

Tumesikia hoja mbili za kupinga. Ya kwanza, kwamba mlinzi akilala nje wezi wataingia. Kibanda kikijengwa mbele ya mlango, mwizi atapita wapi? Mlinzi aliye nje anamwona mwizi kabla hajafika. Aliyejifungia ndani anamsikia akiwa ameshatoboa ukuta. Baridi ya Juni na Julai tunaijua, ndiyo maana tumesema kibanda chenye bati na mlango, siyo kumwacha mzee chini ya mwembe.

Hoja ya pili, ati mambo ya usalama kazini ni ya migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu, ambako vijana wetu wanasimulia kwamba huingii bila kofia ngumu na viatu vya kazi. Si kweli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, haikuandikwa kwa ajili ya dhahabu peke yake. Chama kinachomlipa mlinzi na vibarua wa kubeba mizigo ni mwajiri. Na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri wanautolea michango tangu 2015. Tutauliza mkutanoni kama mzee wetu ameandikishwa huko. Bodi ije na jibu.

Msidhani pia kwamba sisi tunakuza mambo. Mwaka 1986 ulikuja msaada wa dawa za kilimo kutoka Ugiriki, nyingine zikiwa zimeshapitwa na wakati, zikawekwa kwenye banda la wazi huko Vikuge, Kibaha. Banda likaja kuanguka, dawa zikanyeshewa, na miaka mingi baadaye wataalamu walipopima udongo wa mahali pale waliikuta sumu bado imo. Huko Beirut nako, Lebanoni, tani 2,750 za kemikali inayotumika kutengenezea mbolea zilikaa kwenye ghala la bandari tangu 2014. Maofisa walijua zipo, barua ziliandikwa, hakuna aliyezihamisha. Tarehe 4 Agosti 2020 zikalipuka, wakafa watu zaidi ya 200. Ghala letu ni dogo, ndiyo. Lakini na sisi mzigo tunauona kila siku tukipita.

Hesabu ya chumba na kibanda imebandikwa karatasi ya pili, pembeni. Matofali tutafyatua wenyewe kwa zamu za vitongoji, kama wazazi wetu walivyofanya. Kinachohitaji fedha ni bati, saruji, mlango wa chuma, madirisha ya wavu ya kupitisha hewa, na chaga za mbao ili magunia yasikae chini wala kugusa ukuta. Anayeona bei yoyote imezidi aandike kwa kalamu pembeni yake, na jina lake. Wakati tunangoja mkutano, tumekubaliana na mwenyekiti wa bodi kwamba kuanzia Jumamosi hii hakuna kufukiza magunia ghalani, na mzee mlinzi atalala kwenye ofisi ya Tawi. Ufunguo tumeshampa.

Katibu wa Tawi