Simu ya Ziwani na Ruhusa ya Safari



Wapenzi wasomaji, wiki iliyopita tulikwenda Ziwani, Nairobi, kutoa mkono wa pole. Nyumba tuliyoiendea ni miongoni mwa zile za zamani zilizojengwa zama za ukoloni, na kutoka mlangoni pake hadi makaburi ya Waislamu ya Kariokor si mbali. Marehemu alitoka Mombasa akiwa bi harusi, akawalea wanawe wanne Ziwani, na sasa amelala Kariokor. Allah amrehemu, ampanulie kaburi lake, na alijaalie kuwa bustani katika mabustani ya Peponi.

Tulikuwa tumekaa mkekani, jioni ya Jumapili, siku ya tatu ya msiba, alipoingia binti yake wa mwisho na sanduku moja dogo. Alikuwa ametoka Minnesota, Marekani. Hakulia kwa sauti. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kitanda cha mama yake, akakaa, akakitia mkono kitambaa cha mto, akanyamaza. Baadaye, watu walipopungua, alitusimulia yaliyompata, na akatutaka tuyaandike bila ya majina ili yawafae wengine. Nasi twaiona kuwa ni amana.

Binti huyu alikwenda Marekani kusoma. Alipomaliza aliolewa na Mwislamu mwenye uraia wa huko, na mumewe akamwombea ukaazi wa kudumu. Ombi lilikuwa bado halijajibiwa. Jumatano ya wiki iliyotangulia msiba, simu ikalia kutoka Ziwani: mama amepatwa na kiharusi, yuko hospitali, hasemi. Usiku uleule binti alinunua tiketi. Rafiki yake alimwambia, "Pasipoti yako ni hai, nenda kamwone mama. Utarudi tu." Mumewe ndiye aliyemzuia. Alimwambia, "Mke wangu, ukitoka hivi, huenda mlango ukafungwa nyuma yako. Hebu tuulize kwanza." Wakagombana usiku kucha, naye akaona kama kwamba mumewe amemnyima radhi ya mama yake.

Mume alikuwa na haki, na hapa yatupasa tufafanue kwa uangalifu, kwa kuwa nyumba nyingi za pwani na za Nairobi zina mtoto aliye katika hali kama hii.

Sheria ya Marekani yasema hivi: mtu aliyeomba ukaazi wa kudumu akiwa ndani ya nchi hiyo, kwa fomu iitwayo I-485, akitoka kabla ya kujibiwa na ilhali hana kibali cha kurejea alichopewa mapema, huhesabiwa kuwa amelitupa ombi lake kwa mkono wake. Wapo wachache ambao kanuni hii haiwagusi, kama vile wenye viza za kazi za H-1B na L-1 zilizo hai. Aliyekwisha kupewa kadi yake ya ukaazi naye hahusiki. Lakini wake na waume waliooa na kuolewa huko, pamoja na wazazi walioombewa na watoto wao, aghalabu wamo ndani ya kanuni hiyo.

Kibali chenyewe huombwa kwa fomu I-131, na yafaa ipelekwe pamoja na lile ombi la ukaazi, siku moja. Majibu yake kwa kawaida huchukua miezi. Binti yetu hakuipeleka. Alisema, "Nilidhani mama ana nguvu. Nilidhani wakati upo." Ni nani miongoni mwetu asiyewahi kudhani hivyo?

Hata hivyo upo mlango wa dharura. Mwenye msiba au mgonjwa mahututi hupiga simu kwenye kituo cha huduma cha idara ya uhamiaji, USCIS, akaeleza haja yake na kuomba miadi katika ofisi ya mji anaoishi. Siku ya miadi huenda na fomu I-131 iliyojazwa, ada yake, picha za pasipoti, uthibitisho kwamba ombi lake la ukaazi bado linashughulikiwa, na ushahidi wa dharura. Afisa akiridhika aweza kumpa kibali siku ileile. Asiporidhika, aweza kukataa, kwani jambo hili liko katika hiari yake. Neno "ushahidi" ndilo lililomchelewesha binti yetu, na ndilo tunalotaka akina mama wa huku nyumbani mlitie masikioni.

Kwanza alitumiwa kwa simu picha ya kadi ya hospitali. Haikutaja ugonjwa, wala haikuwa na sahihi ya daktari. Kaka yake akarudi wodini, akapata barua. Barua ilimtaja mgonjwa kwa jina la Mwanaisha, jina aliloitwa na wazazi wake, nalo ndilo lililo katika kitambulisho chake. Lakini cheti cha kuzaliwa cha binti kimemwandika mama kwa jina la Aisha, kama lilivyoandikishwa hospitalini miaka ile. Kwetu sisi, Mwanaisha na Aisha ni mtu mmoja, wala hakuna anayeuliza. Kwa afisa aliye Minnesota, asiyeijua pwani, hao ni wanawake wawili. Ikabidi kaka aende kwa wakili mjini, aape, na iandikwe hati ya kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mwanamke mmoja. Siku zikapita. Alhamisi, siku ya nane, karatasi zote zilikamilika, na siku hiyohiyo binti akapewa kibali.

Usiku huo alikuwa akifunga sanduku. Minnesota ilikuwa saa nne za usiku. Ziwani kulikuwa kumekucha, Ijumaa. Simu ikalia. Kaka yake hakuweza kusema neno kwa muda. Kisha akasema, "Dada, mama ametangulia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tukungoje? Jumapili si mbali. Tunaweza kumweka."

Binti alituambia kwamba hapo ndipo alipopata mtihani mkubwa kuliko ule wa karatasi. Moyo wake wote ulitaka kusema "Ningojeni." Angeuona uso wa mama kwa mara ya mwisho. Lakini alikumbuka jinsi mama mwenyewe alivyokuwa akilaumu pindi maiti anapowekwa siku nyingi kwa kungojewa watu wa mbali, na jinsi alivyowausia wanawe wasimweke. Akajibu, "Kaka, mzikeni baada ya sala ya Ijumaa. Mimi nitamkuta kwenye dua." Mama akazikwa Kariokor mchana ule, wakati binti hajaondoka Minnesota.

Wasomaji wetu, tumefundishwa kwamba haraka haina baraka, lakini maziko ni katika mambo ambayo dini yetu imetuhimiza tusiyakawize. Kwa hiyo, kwa Mwislamu aliye ng'ambo, hata mlango wa dharura uliofunguka upesi waweza usimfikishe kaburini kwa wakati. Tusimpe mtoto wetu matumaini yasiyokuwapo, wala tusimtie lawama. Asiyeweza kufika anayo ya kufanya. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, yajuzu kumsalia maiti aliye mbali, na Mtume (S.A.W.) alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akiwa Madina. Mtoto aliye Minnesota aweza kumsalia mama yake huko aliko, akamwombea, akamtolea sadaka na kumlipia madeni. Haya hayahitaji muhuri wa afisa.

Yapo na mengine matatu ambayo watu huyakosea, nasi tuyataje kwa ufupi.

Kibali cha kurejea si ahadi ya kuingia. Afisa wa uwanja wa ndege hutazama upya anaporudi msafiri. Aliyewahi kukaa bila ruhusa asiondoke kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji, maana sheria ya mwaka 1996 humfungia miaka 3 aliyezidisha zaidi ya siku 180 kisha akatoka, na miaka 10 aliyezidisha mwaka mzima au zaidi. Mwaka 2012 baraza la rufaa za uhamiaji liliamua kwamba anayetoka kwa kibali hicho huku ombi lake la ukaazi likingoja hahesabiwi kuwa ameondoka kwa maana ya kifungo kile cha miaka 10. Lakini hali za watu hazifanani, na wa kulipima jambo hilo ni wakili, si rafiki wala wakala wa tiketi.

Aliyeomba hifadhi ya ukimbizi ana hatari nyingine. Akirudi katika nchi aliyosema anaikimbia, hata kama ana kibali, hudhaniwa kuwa ameliacha ombi lake, ila athibitishe kuwa alikuwa na sababu nzito ya kurudi.

Na walio Uingereza wasizichukue kanuni za Marekani wakazifanya zao. Huko, aliyeomba kuongezewa ukaazi akasafiri nje ya Uingereza na Ireland na visiwa vilivyo jirani kabla ya kujibiwa, ombi lake huhesabiwa kuwa limeondolewa.

Mzee mmoja aliyekuwa barazani aliyasikia haya akatikisa kichwa. Alisema kwamba marehemu babake aliishi Nairobi ya kipande, ambapo mwanamume Mwafrika hakutembea bila cheti kile shingoni, na wakati wa hali ya hatari, baada ya mwaka 1952, kwenda kumzika mzazi mashambani kulihitaji karatasi ya mkubwa. Hata leo, ndugu zetu wakimbizi walio Dadaab na Kakuma huhitaji pasi ya kutoka kambini. Mzee akamalizia, "Mwanangu, ruhusa ya kumwendea mama si jambo jipya. Jipya ni kwamba sasa unaweza kujiandaa."

Basi tujiandae. Tahadhari kabla ya athari. Kila nyumba yenye mtoto ng'ambo na iwe na bahasha moja, na aijue mama na aijue angalau mtoto mmoja aliye karibu. Ndani yake mna nakala za vitambulisho vya wazazi, cheti cha ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote. Majina yasomwe leo, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, kiapo kiandikwe sasa, wakati hakuna anayelia. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kukitafuta.

Akiugua mtu, iombwe barua ya daktari yenye jina kamili la mgonjwa, ugonjwa wake na uzito wake, tarehe, sahihi, muhuri na simu ya hospitali. Iwe kwa Kiingereza, au iambatane na tafsiri yake. Akifa mtu, kibali cha maziko kipigwe picha na kutumwa kabla ya kwenda makaburini, kwa kuwa cheti cha kifo huja baadaye.

Na mtoto aliye huko, ikiwa ombi lake bado, aulizwe leo swali moja: "Je, umeomba kibali cha kurejea?" Asione haya kujibu, nasi tusione haya kuuliza.

Wala mirathi isiwe sababu ya kumharakisha mtu kupanda ndege. Mahakama ya Kadhi haimlazimu kila mrithi awepo siku moja. Aliye mbali aweza kumpa nduguye uwakala kwa hati iliyothibitishwa kisheria, na haki yake isipotee.

Tulipokuwa tukiaga, binti alituomba jambo moja. Alisema kwamba kwa siku nane alimwonea mumewe uchungu, na sasa amejua kwamba yule ndiye aliyemhifadhia njia ya kurudi kwake na kwa mtoto wao wa miaka miwili aliyemwacha huko. Alitaka tuwaambie wanawake wenzake kwamba anayekuzuia usiku wa kilio huenda akawa ndiye anayekupenda. Asubuhi yake kaka yake alimpeleka Kariokor. Alisimama nje ya ukuta, akainua mikono, akakaa hapo hadi jua likawa kali.

Ewe Mola, warehemu mama zetu waliotangulia, uwape afya walio hai, na uwafungulie njia wanetu walio mbali. Amin.

Wabillahi tawfiq.