AFYA YETU: Askari Wanaompiga Mwenye Nyumba



Juma lililopita nilirudi kazini kutoka likizo, na pamoja na mahindi mabichi na kuku niliyopewa nyumbani, nilileta somo moja lililonitia haya. Nimeona si vema kunyamaza nalo, maana jambo lililonipata mimi laweza kumpata kila mzazi asomaye ukurasa huu.

Katika likizo yangu iliyotangulia, mtoto wa kaka yangu, mvulana wa miaka tisa, alilalamika kwamba koo lamwuma na kumeza ugali ni taabu. Usiku akawa na homa. Mama yake akaniuliza, "Shemeji, wewe uliyesoma waonaje? Nimpeleke zahanati?" Nami kwa kujiona mjuzi nikamjibu, "Ni koo tu hili, Shemeji. Mpe maji ya chumvi asukutue, halafu aende shule." Baada ya siku nne koo lilipona, nami nikarudi kazini nikijisifu.

Majuma matatu hayakupita, habari zikanifikia kwa simu. Goti la mtoto lilikuwa limevimba na kuwa la moto. Siku mbili baadaye goti likatulia, maumivu yakahamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Akawa hawezi kupanda kilima cha kwenda shule bila ya kuketi njiani akitweta. Hospitalini daktari aliusikiliza moyo wake kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hiyo ni homa ya baridi yabisi, kwamba mlango mmoja wa moyo umekwisha kuumizwa, na kwamba yote yalianzia kooni.

Nilipokwenda nyumbani safari hii, shemeji yangu hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Koo na moyo vina udugu gani?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa bidii, na leo nawapeni nanyi.

Yatupasa kwanza kujua jinsi mwili unavyojilinda. Mwili wa mtu ni kama boma lililozungukwa na adui mchana na usiku. Ukuta wa boma ni ngozi. Puani na kooni mna ute unaonasa vijidudu, na tumboni mna asidi kali inayowaua wengi wa wale tunaowameza pamoja na chakula. Lakini ukuta una nyufa zake: mwiba, kidonda, pumzi ya jirani mwenye kikohozi. Adui akipenya, hukutana na askari walio ndani, nao ni chembe nyeupe za damu.

Mwaka 1882 mtaalamu aitwaye Élie Metchnikoff, alipokuwa akikaa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua kinda la kile kiumbe cha baharini ambacho watu wa pwani hukiita kiti cha pweza. Mwili wa kinda hilo ni mwangavu hata mtu aweza kuona ndani kwa darubini. Akalichoma mwiba mdogo, akangoja. Kesho yake asubuhi aliona chembe ndogo zimeuzunguka ule mwiba pande zote, mithili ya watu waliomzingira mwizi. Hivyo ndivyo alivyofahamu kwamba mwili una chembe zinazokwenda kumla mgeni mbaya. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani aitwaye Paul Ehrlich.

Chembe hizo zilazo adui ni jeshi la kwanza. Hazichagui sana, hukamata chochote kionekanacho kigeni. Nyuma yao liko jeshi la pili, nalo ni la askari wenye ujuzi zaidi waitwao limfosaiti. Kila mmoja wao hutambua alama moja tu, kama karani ajuaye muhuri wa ofisi moja na asijue mwingine. Akikutana na adui mwenye alama ile, huzaana upesi hata wakawa maelfu kwa maelfu. Baadhi yao hutengeneza silaha ziitwazo kingamwili, ambazo huelea katika damu na kumnasa kila mwenye alama hiyo.

Na vita vikiisha, wachache hubaki wakimkumbuka adui. Ndiyo sababu mtu aliyeugua surua aghalabu haugui tena maisha yake yote. Chanjo nayo hutumia kumbukumbu hiyo hiyo. Mwaka 1796 Mwingereza Edward Jenner alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, na mtoto yule akakingwa na ndui kali ya watu. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa katika mji wa Merca, nchi jirani ya Somalia, mwaka 1977. Na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba maradhi hayo yamekwisha duniani.

Sasa, msomaji mwenye akili atauliza: askari hawa wajuaje nani ni adui na nani ni mwenyeji? Hilo ndilo swali kubwa kupita yote. Bwana Ehrlich aliona ni jambo la kutisha mno kufikiri kwamba mwili waweza kujigeuzia silaha zake wenyewe. Akaamini lazima iko njia ya kuuzuia usifanye hivyo. Njia hiyo iko kweli. Nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo, mna tezi ndogo iitwayo thaimasi. Kazi yake haikujulikana hata mwaka 1961, Jacques Miller alipoonyesha kwamba hapo ndipo wanapolelewa askari wengi wa jeshi la pili. Humo hujaribiwa kwa kuonyeshwa alama za mwili wenyewe, na wengi wa wale wanaozikamia kwa nguvu huangamizwa kabla hawajatoka.

Hata hivyo hakuna chuo kisichopitisha wanafunzi wabaya wachache. Kwa hiyo mwili una pia wasimamizi, yaani limfosaiti za namna nyingine ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao wasipite kiasi. Mjapani Shimon Sakaguchi alizitambulisha mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye na Wamarekani wawili, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya kueleza mambo haya.

Basi mafunzo yakikosewa, au wasimamizi wakishindwa, askari huwageukia wenyeji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kimeingia ndani zaidi ya nguo. Wakizishambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, mtu hupata kisukari kile kinachowashika watoto wengi. Wakishambulia viungo, huwa ni baridi yabisi ya kudumu, inayopinda vidole. Wakishambulia ngozi, figo na viungo pamoja, madaktari hukiita lupasi. Maradhi mengi ya jamaa hii huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Sababu zake huwa zaidi ya moja: urithi wa damu huandaa shamba, kisha jambo jingine, pengine ugonjwa wa kupita, hupanda mbegu. Si uchawi wa jirani wala si laana ya wazee, na mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu lupasi au baridi yabisi kwa kula naye sahani moja.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Iko bakteria iitwayo streptokokasi, ambayo hupenda kukaa kooni mwa watoto, hasa wale wa miaka mitano hata kumi na mitano. Mwili wake umevikwa protini ambayo, kwa sehemu, yafanana sana na protini zilizomo ndani ya moyo wa mtu. Askari wa mtoto hutengeneza kingamwili za kumpiga mgeni aliyevaa vazi lile. Mgeni hushindwa, koo hupona, na nyumba nzima hufurahi. Lakini kwa watoto wachache, pengine kwa sababu ya urithi wao, silaha zile huendelea kuzunguka zikitafuta vazi lile lile, na majuma mawili au matatu baadaye huliona moyoni. Hapo askari humpiga mwenye nyumba kwa kosa la mwizi aliyekwisha kufukuzwa.

Viungo vilivyovimba hupona bila ya kuacha alama. Moyo sivyo. Moyo una milango minne, inayofunguka na kufungwa mara kama 100,000 kila siku ili damu iende mbele isirudi nyuma. Mlango uliovimba mara kwa mara hupata kovu, ukawa mgumu. Ama haufunguki sawasawa, ama haufungi. Mtoto hukua naye hujiona mzima, hata siku moja, akiwa kijana anayelima, au mama mwenye mimba, pumzi humkatika. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 55 wana maradhi haya ya moyo, na wengi wao ni katika nchi zisizo tajiri kama zetu.

Na hapa ndipo uchungu wangu ulipo, wasomaji wangu, kwa sababu dawa ya kuyazuia ni ya zamani na ya bei nafuu. Ni penisilini, iliyogunduliwa London na Alexander Fleming mwaka 1928. Katika kambi ya askari huko Wyoming, Marekani, madaktari waliwatibu kwa penisilini askari wenye koo la streptokokasi. Na mwaka 1950 walitangaza kwamba waliotibiwa walipata homa ya baridi yabisi kwa uchache mno kuliko wasiotibiwa. Ikabainika pia kwamba hata dawa ikianza siku ya tisa bado yaweza kumwokoa mtu. Siku tisa! Mimi nilikuwa nyumbani siku nne nzima, na zahanati iko mwendo wa nusu saa.

Yatupasa basi tufanye nini?

Kwanza, tusidharau koo la mtoto. Koo nyingi zaletwa na virusi, pamoja na mafua na kikohozi, nazo hazihitaji penisilini. Lakini koo lililoanza ghafla, lenye homa na maumivu ya kumeza, matezi ya shingoni yaliyovimba, na pengine madoa meupe juu ya mafindofindo, bila ya kikohozi, lapaswa kuonwa na tabibu siku hizo hizo. Yeye ndiye wa kuamua. Tusikimbilie duka la dawa kununua vidonge viwili vitatu kwa kukisia. Na mtoto akiwa amewahi kudhurika kwa penisilini, mwambieni tabibu kabla hajatoa dawa.

Pili, dawa ikiandikwa siku kumi, imezwe siku kumi. Wengi wetu huacha siku ya tatu kwa sababu maumivu yamekwisha, tukaweka vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Huko ni kumwacha adui uani.

Tatu, tuache kumpeleka mtoto kukatwa kimeo. Kimeo hakina hatia yoyote; kukikata kwa kisu hakuondoi streptokokasi, bali huleta damu nyingi na vidonda vibaya.

Nne, mtoto akipata maumivu yanayohama kutoka kiungo hata kiungo, au akitweta kwa mchezo mdogo, au mikono ikimchezacheza bila ya kutaka, tusiseme kwamba anakua au kwamba ni mvivu. Apelekwe hospitali, moyo wake usikilizwe.

Tano, kwa yule aliyekwisha kuugua, iko sindano ya penisilini idumuyo, ambayo hupigwa kila majuma matatu au manne kwa miaka mingi. Wazazi wengi huiacha wakisema, "Mtoto mzima, sindano ya nini?" Sindano haiponyi kovu la jana. Kazi yake ni kumzuia yule mgeni asirudi kooni, ili askari wasipate sababu ya kuinua silaha tena. Kila shambulio jipya huzidisha kovu. Na mlango ambao haushambuliwi tena mara nyingi hupata nafuu, hasa ukiwa umeumia kidogo.

Mvulana wetu sasa hupigwa sindano yake kila siku ya ishirini na nane. Sindano hiyo huuma sana, naye huchechemea siku nzima. Nilipokuwa likizo nilimpeleka mimi mwenyewe. Njiani akaniuliza, "Baba mdogo, nitaacha lini?" Nikamwambia kweli, kwamba ni mpaka atakapokuwa mtu mzima, na daktari ndiye atakayesema. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama ataweza kucheza mpira. Daktari amesema tungoje mwaka huu uishe, kisha atampima tena.

Wahenga walituambia: mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi niliudharau mwiba uliokuwa kooni mwa mtoto wa ndugu yangu. Siku zake zote za sindano za mwaka huu nimeziandika kwa wino mwekundu katika kalenda iliyo mezani pangu ofisini, na nauli yake huipeleka siku mbili kabla. Nanyi wenye watoto, jioni ya leo, kabla hawajalala, waulizeni kama yuko ambaye koo lamwuma.

Hadi juma lijalo.